Nijaze Sasa au Ningoje Tarehe 14?

Haipiti wiki bila mtu kuniuliza. Mwenye lori la viazi vya Nairobi huuliza, mwenye kituo cha pampu mbili kando ya barabara ya Kiganjo huuliza, na mwenye hoteli anayelisha soko zima la Karatina huuliza kwa niaba ya mitungi yake ya gesi. Maneno hutofautiana, swali ni lile lile: ninunue mafuta sasa, au ningoje EPRA, mamlaka ya kawi, itangaze bei tarehe 14?

Naona swali hilo linaanza pabaya. Linamgeuza mfanyabiashara kuwa mtabiri wa mambo yanayoamuliwa Riyadh, Abu Dhabi, Hazina ya Taifa na kwenye soko la dola. Utabahatisha mara tatu upate, ya nne ufunge pampu siku ya soko. Yaliyo mikononi mwako ni mengine: biashara yako inaweza kukaa siku ngapi bila lori kufika, na kila siku hiyo inakugharimu shilingi ngapi? Ukiwa na majibu hayo mawili, hutahangaika sana na tarehe 14.

Mafuta yako yanapita wapi

Nitakuwa mfupi hapa. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kazi hiyo 2013, kwa hiyo tunanunua yaliyosafishwa tayari. Tangu 2023 petroli na dizeli huja kwa mkataba wa serikali kwa serikali na Saudi Aramco, ADNOC na ENOC, kwa mkopo wa siku 180. Meli hushusha Kipevu, Mombasa, na bomba la KPC hufika Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kisumu. Kwetu mlimani halipandi. Karibu kila lita inayouzwa Karatina, Nyeri au Othaya imemalizia safari juu ya magurudumu, kupitia Thika, Kenol na Sagana.

Safari hiyo inaweza kukatika mahali patatu, na kila mahali pana dalili zake:

- Ghuba. Vita au tishio karibu na mlango wa bahari wa Hormuz hupandisha bei kwanza. Upungufu, ukija, huja baadaye. Una wiki kadhaa za kujipanga.
- Pesa. Mwishoni mwa Machi na Aprili 2022 foleni zilijaa nchi nzima, na vita vya Ukraine havikuwa sababu pekee. Serikali ilikuwa na deni la ruzuku kwa kampuni za mafuta, kampuni nazo zikabana. Mambo yalichacha hadi mkuu wa kampuni ya mafuta ya Rubis nchini akafutiwa kibali cha kazi. Uhaba wa aina hii huanza na wenye vituo vidogo visivyo na jina la kampuni kubwa, na huwaachilia mwisho.
- Barabara. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024, kisha maandamano ya Juni mwaka huo huo. Matangi ya Nairobi yanaweza kuwa yamejaa na wewe huna hata tone. Uhaba huu hudumu siku chache, lakini hauji na taarifa ya mapema.

Ukisikia kuna shida ya mafuta, uliza kwanza ni ipi kati ya hizi tatu. Nimeona watu wakikimbilia kujaza matangi kwa habari za Hormuz zilizochukua mwezi mzima kufika kwenye pampu, na watu hao hao wakikosa dizeli kwa sababu ya daraja lililozamishwa na maji.

Hesabu siku, usihesabu lita

Mwenye kituo akiniambia ana lita 9,000, hajaniambia kitu. Ana siku tatu au kumi? Chukua daftari la miezi mitatu iliyopita uandike mambo manne:

1. Wastani wa mauzo (au matumizi) ya siku.
2. Mauzo ya siku nzito kuliko zote, ambayo hapa kwetu huwa siku ya soko au wiki ya shule kufunguliwa.
3. Siku za kawaida kutoka kulipa oda hadi lori kushusha.
4. Siku nyingi zaidi ulizowahi kungoja katika miezi hiyo.

Kosa la wengi ni kuagiza kwa kutumia namba ya kwanza na ya tatu. Namba zinazokulinda ni ya pili na ya nne.

Tuseme kituo chako kinauza lita 2,500 za dizeli kwa siku, na 3,200 siku nzito. Lori hufika kesho yake, lakini uliwahi kungoja siku nne. Zidisha 3,200 kwa 4: lita 12,800. Ongeza zile za chini ya tangi ambazo pampu haizivuti, tuseme 800. Ukifika lita 13,600, piga simu. Ukingoja 5,000 kwa sababu “huwa wanafika kesho”, umeweka biashara yako yote kwenye neno “huwa”.

Hapo huja pingamizi, na ni la haki: “Tangi langu ni la lita 20,000. Nikiagiza nikiwa na 13,600, lori la 10,000 litamwaga wapi?” Kweli, halitaingia, maana tangi halijazwi hadi mdomoni. Hesabu imekufunulia kwamba oda zako ni kubwa mno na zinakuja kwa nadra mno. Tafuta jirani mwaminifu, wa Sagana au Kiganjo, mchangie lori moja: chumba kimoja kishushwe kwake, kingine kwako. Usafiri mtagawana, na kila mmoja ataagiza mara nyingi zaidi. Karatasi za kila chumba ziwe na jina la mwenye mzigo kabla lori halijatoka Nairobi. Msigawane kwa maneno ya simu njiani.

Kwa mwenye lori, matatu au mashine ya kusaga, hesabu ni ile ile kwa udogo. Boda boda hana haja ya daftari. Asiruhusu tangi kushuka chini ya nusu, basi.

Wiki ya tarehe 14

Bei mpya hutangazwa tarehe 14 na kuanza kazi tarehe 15. Kila mtu analijua hilo. Wasilolitazama wengi ni jinsi tangazo linavyotikisa upatikanaji kabla halijatoka.

Bei ikitarajiwa kushuka, vituo huacha kununua ili visibaki na mafuta ya bei ya juu. Tarehe 12 na 13 unakuta matangi matupu. Bei ikitarajiwa kupanda, kuna wanaoandika “hakuna mafuta” huku tangi limejaa, wakingoja saa sita usiku. Vyovyote vile, mtumiaji ndiye anayekosa. Kwa hiyo kama wewe ni mtumiaji, sheria yako ni nyepesi: jaza kati ya tarehe 8 na 11, na usipange safari ya mbali ya tarehe 13 hadi 16 ukitegemea kununua njiani. Tofauti ya shilingi mbili tatu kwa lita ni ndogo kuliko shehena ya nyanya inayooza ukiwa kwenye foleni.

Mwenye kituo ana hesabu ngumu zaidi, na sitamdanganya kwamba kujaza ni bora siku zote. Rudi kwenye mfano wetu. Ukivuka tarehe 14 na lita 13,600 na bei ikashuka shilingi 3, umepoteza shilingi 40,800 usiku mmoja. Kama faida yako ni shilingi 4 kwa lita, kufunga siku mbili kunakupotezea 20,000, pamoja na wateja watakaozoea kituo cha jirani. Ndiyo maana watu hukausha matangi, si wajinga. Mimi ningefanya hivi bei ikielekea kushuka: nivuke tarehe 14 na mafuta ya siku mbili na kidogo, kama lita 6,000, na oda ya tarehe 15 iwe imeshakubaliwa na msambazaji. Hasara ya shilingi 18,000 naichukua kama bima. Sheria ya siku nne unailegeza kwa siku hizo chache pekee, na hata hizo usiilegeze mvua kubwa ikitabiriwa au maandamano yakiwa yametangazwa.

“Nitajuaje bei inaelekea wapi?” Hutajua kwa hakika. Lakini tazama haya:

- Shehena za mwezi uliopita. Bei ya EPRA hufuata gharama ya mafuta yaliyokwisha kushushwa Mombasa, wala haifuati habari za leo jioni. Bei ya dunia ikianguka leo, ngoja.
- Dola. Mwanzoni mwa 2024 ilikaribia shilingi 160, katikati ya mwaka ikawa karibu 130. Hilo pekee lilishusha bei kwa kiasi kikubwa.
- Julai. Sheria ya fedha huanza. Julai 2023 VAT ya mafuta iliruka kutoka asilimia 8 hadi 16. Julai 2024 ushuru wa matengenezo ya barabara ukatoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita.
- Ruzuku. Hii ndiyo huvuruga watabiri. Agosti 2023 serikali iliishikilia bei ya petroli ya Nairobi palepale ilipokuwa, shilingi 194.68. Waliojaza matangi wakitarajia kupanda walikula hewa. Septemba ikaruka hadi 211.64, na Oktoba ikawa 217.36. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2024, ilikuwa 180.66.

Hebu tazama namba hizo za mwisho tena. Ni nani mlimani, au popote, aliyezipanga kichwani kabla hazijatokea?

Jambo moja la kisheria: bei ya EPRA ni kikomo cha juu cha mji wako. Unaweza kuuza chini yake, lakini juu yake ni kosa, hata uwe umenunua kwa bei ya kuumiza wakati wa uhaba.

Kwa mwenye kituo kidogo: uwe nani kwa msambazaji

Mafuta yakipungua, msambazaji hana budi kuchagua. Huanza na vituo vyake mwenyewe, kisha wateja wa mkataba, kisha wanaolipa kwa wakati. Anayezunguka kila wiki kutafuta punguzo la senti hamsini yuko mkiani, na anastahili kuwa mkiani.

Pangilia hivi: theluthi mbili ya manunuzi kwa msambazaji mmoja, kila mwezi, bila kumhama kwa senti. Inayobaki, kwa wa pili asiyechukua mafuta kwa huyo wa kwanza. Hilo la mwisho watu hulisahau. Wasambazaji wawili wanaonunua kwa kampuni moja ni msambazaji mmoja mwenye simu mbili. Waulize wazi: nyinyi mnapakia kwa nani?

Na usitegemee mmoja peke yake hata akiwa mwema vipi. Karatina ina historia ya hilo: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kulikuwa na kiwanda hapa cha kukausha mboga za majeshi. Vita vikaisha, mnunuzi akaondoka, kiwanda kikafungwa, na mkulima akabaki na karoti zake.

Lori likifika, hata kama wateja wanapiga honi:

1. Linganisha namba za lakiri na za kwenye karatasi kabla ya kufungua chochote.
2. Pima tangi lako kwa fimbo kwanza, uandike, dereva atie sahihi.
3. Paka dawa ya kutambua maji kwenye ncha ya fimbo, kwenye lori na kwenye tangi lako.
4. Hakikisha mpira wa dizeli umeingia kwenye mdomo wa dizeli. Ndiyo, hutokea.
5. Baada ya kushusha, ngoja mafuta yatulie, pima tena.

Kuhusu upungufu wa lita: usikimbilie kumwita dereva mwizi. Petroli hunywea kama asilimia 0.12 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoshuka. Lita 10,000 zilizopakiwa mchana wa joto, zikamwagwa kwenye tangi lenye baridi ya Julai ya huku kwetu na kupoa nyuzi tano, hupungua kama lita 60. Dizeli hunywea kidogo kuliko hivyo. Zikipungua 200, hapo muulize.

Mafuta ya bei rahisi wakati wa uhaba

Kila uhaba huzaa madalali. Mmoja atakupigia jioni: ana lori, liko njiani, bei chini ya soko, lipa nusu kwa simu. Katika hali nzuri unapoteza pesa tu. Katika hali mbaya lori linafika kweli, na ndani mna mafuta yaliyopitishwa kwenda nchi jirani bila kodi, au dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa. EPRA hutia alama za kikemikali kwenye mafuta na kupima vituoni. Alama isipolingana, kituo hufungwa na wewe ndiye unayelipa kodi na faini. Dalali atakuwa amebadilisha laini. Mchanganyiko wa mafuta ya taa ulipungua baada ya ushuru wa shilingi 18 kwa lita kuwekwa juu ya mafuta hayo 2018, lakini usidhani umeisha.

Gesi ina kanuni zake

Bei ya gesi haipangwi na EPRA, kwa hiyo tarehe 14 haina maana yoyote kwa mtungi wako. Kodi ndiyo imekuwa ikiyumba: VAT ya asilimia 16 ilirudi Julai 2021, ikapunguzwa hadi 8 mwaka uliofuata, ikaondolewa Julai 2023.

Kwa mwenye hoteli, shule au kibanda cha chapati:

- Kuwa na mitungi miwili au zaidi, na uagize pale wa kwanza unapoisha, usingoje wa pili uanze kupumua.
- Nunua mzani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma. Ongeza kilo za gesi unazolipia, upime mbele ya muuzaji.
- Muulize mchuuzi mtungi umejazwa wapi. Kanuni za 2019 zinataka mwenye jina la mtungi aujaze mwenyewe au atoe idhini. Mlipuko wa Embakasi wa Februari 2024, kwenye eneo la kujazia gesi lisilo na kibali, uliua watu na kujeruhi mamia.
- Asubuhi za baridi moto hufifia ingawa gesi ipo, kwa sababu haivukizi vizuri. Usiulaze mtungi, usiumwagie maji yanayochemka, usiusogeze jikoni karibu na makaa. Tumia mitungi miwili kwa pamoja kupitia muunganisho uliofungwa na fundi, na moto utarudi.

Hoteli yenye jiko moja tu la gesi haina mpango wa uhaba. Jiko la kuni linalookoa nishati, au koili ya umeme ya kuchemshia chai, inatosha kukuvusha siku mbili.

Mnayonipinga nayo

*“Akiba inahitaji pesa, na sina.”* Basi usianze na akiba. Anza na kupunguza siku za kungoja: lipa oda asubuhi badala ya jioni, weka amana ndogo kwa msambazaji, jiungeni wenye malori watano au sacco ya matatu mkubaliane na kituo kimoja kiwabakizie lita kadhaa kila siku kwa malipo ya mbele. Hilo halihitaji tangi hata moja. Mkubaliane kwa maandishi, na mtaje wazi kitakachotokea siku mafuta yakiwa machache, maana kwa siku ya kawaida kila mtu ni rafiki.

*“Si ninunue mitungi ya plastiki nihifadhi petroli nyumbani?”* Usifanye hivyo, hata kwa usiku mmoja. Mvuke wa petroli hutambaa chini hadi kwenye jiko la chumba cha pili. Dizeli ya jenereta ya shule au shamba ni tofauti: ukiwa na chombo cha chuma, kivuli, sakafu isiyonyonya na vibali vinavyotakiwa, dizeli safi hukaa miezi kadhaa. Adui yake ni maji, kwa hiyo toa maji ya chini kila mwezi na utumie ya zamani kwanza.

*“Mafuta ya Turkana yakianza, haya yote yataisha.”* Hayataisha. Yaligunduliwa 2012, na Agosti 2019 shehena ya kwanza ya majaribio, mapipa 240,000, ilisafirishwa nje ikiwa ghafi. Bila kiwanda cha kusafisha, mafuta hayo yataleta dola nchini, lakini dizeli ya lori lako bado itashushwa Kipevu.

Uhaba ukishafika

Siku ya kwanza, kata matumizi yasiyo na mkataba. Kama una malori matatu, panga ni lipi linalosimama la kwanza. Amua hilo leo ukiwa umetulia. Unganisha mizigo: malori mawili nusu tupu kwenda Nairobi ni anasa ya siku za neema.

Mwenye kituo aweke kiwango kwa kila gari, akibandike kwa herufi kubwa, na asimpendelee binamu mbele ya foleni. Tenga lita za ambulensi na hospitali kabla hujafungua pampu. Mwambie mteja ukweli kuhusu lori linalofuata. “Sijui, nitakupigia nikijua” ni jibu linalovumilika. “Saa moja tu” kwa siku tatu mfululizo halisahauliki.

Na lori likirudi, usifungue pampu papo hapo. Tangi lililokauka huwa limeacha tope na maji chini, na mafuta mapya yakimwagwa hulivuruga lote. Acha litulie, pima maji tena, badilisha vichujio vya pampu, kisha jaza chupa ya kioo uitazame kwenye mwanga kabla ya gari la kwanza.